Barua kwa Mwanangu: Itafute Besiboli Katika Vitabu vya Mji

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote tu wazima, na mama yako anakukumbuka katika kila sala. Nimefurahi kusikia kwamba katika masomo yako huko Massachusetts umeamua kuchunguza jinsi besiboli ilivyoanza kuchezwa katika mji unaoishi. Kwa kuwa nilifanya kazi katika masjala mpaka nilipostaafu, naona ninalo la kukushauri: mchezo wa watu wa kawaida huandikwa kwanza pale unapomkera mwenye mamlaka, kwa hiyo anza kuutafuta kwenye makatazo.

Angalia habari ya Pittsfield, iliyomo katika jimbo hilo hilo. Mwaka 1791 mji huo ulikuwa na nyumba mpya ya mikutano, na ili kuyanusuru madirisha yake ulipitisha sheria ndogo iliyomkataza mtu yeyote kucheza kriketi, besiboli, mpira wa miguu na michezo mingineyo ya mpira ndani ya yadi 80 kutoka kwenye jengo hilo. Waliotunga sheria hiyo walihofia vioo vyao tu, wala hawakujua kwamba wanawaachia wajukuu ushahidi, kwani mji haukatazi jambo ambalo hakuna anayelifanya. Mwanahistoria John Thorn aliiona habari hiyo ikitajwa katika kitabu cha zamani cha historia ya mji, lakini hakuridhika na kutajwa. Waraka wenyewe ulitafutwa, ukapatikana katika maktaba ya Berkshire Athenaeum, na mwaka 2004 ukatangazwa. Nakusihi ufuate njia hiyo hiyo, kila mara utoke kwenye kitabu kinachosimulia uende kwenye karatasi iliyosimuliwa.

Wasiofanya hivyo walituletea hadithi ya Cooperstown, mji mdogo katika jimbo la New York. Tume iliyoundwa mwaka 1905 kutafuta asili ya besiboli ilihitimisha, mwishoni mwa mwaka 1907, kwamba Abner Doubleday, aliyekuja kuwa jenerali wa jeshi la Marekani, aliibuni huko Cooperstown mwaka 1839, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa barua ya mzee Abner Graves, ambaye mwaka huo wa 1839 alikuwa mtoto mdogo. Doubleday mwenyewe wakati huo alikuwa mwanafunzi katika chuo cha kijeshi cha West Point, na alikwisha kufariki mwaka 1893 bila kudai popote kwamba alibuni mchezo wowote. Hata hivyo jumba la makumbusho ya besiboli lilifunguliwa huko huko Cooperstown mwaka 1939, kwa maana watu walitaka kuwa na mwasisi mmoja, mahali pamoja na mwaka mmoja. Nami naona hamu hiyo ndiyo adui mkubwa wa kazi yako. Mji wako nao utakuwa na wazee wake wanaotaka uwe wa kwanza.

Magazeti ya zamani nayo yana hazina. Mwaka 2001 mkutubi George Thompson alionyesha gazeti la New York la Aprili 1823 lililotaja vijana wakicheza besiboli katika barabara ya Broadway, miaka 22 kabla klabu ya Knickerbocker ya New York haijaandika kanuni zake, ambazo ndizo msingi wa mtindo wa New York. Huko Uingereza, shajara ya William Bray inautaja mchezo wa jina hilo mwaka 1755, katika wilaya ya Surrey.

Lakini ukilikuta jina, uliza pia kanuni. Kanuni za Massachusetts zilizoandikwa Dedham mwaka 1858 hazikufanana na za New York: mkimbiaji aliweza kutolewa kwa kupigwa mpira mwilini, jambo ambalo dada zako waliocheza rede wangelielewa mara moja, na ushindi ulikwenda kwa timu iliyotangulia kufikisha alama 100. Inawezekana kabisa kwamba mji wako ulicheza hivyo kwa miaka mingi kabla ya kufuata mtindo wa New York.

Tena usiwasahau wachezaji Weusi, ambao magazeti makubwa yaliwapa nafasi ndogo mno. Pambano la Novemba 1859 kati ya klabu ya Henson na klabu ya Unknown ya Weeksville, mtaa wa Weusi huko Brooklyn, New York, tunalijua kwa sababu gazeti la Weusi wenyewe, Anglo-African, liliandika habari zake. Ikiwa mji wako ulikuwa na kanisa lao au gazeti lao, lifikie mapema, maana mtafiti akiliacha hadi mwisho muda humwishia.

Nenda kwa karani wa mji, uombe kwa heshima kumbukumbu za mikutano za karne ya 18, na usome hata kurasa za nguruwe waliopotea na ada za barabara, kwa sababu katazo la mpira halitakuwa na kichwa chake cha habari. Ukilipata, uninakilie maneno yake kama yalivyoandikwa, pamoja na tarehe, namba ya ukurasa na jina la karani aliyetia saini.

Akupendaye,
Baba yako