Paka wa maonyesho: anza na pasi, begi baadaye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini. Mimi mwenyeji wa Kilifi, naishi Copenhagen, na nyumbani kwangu nina paka wa Sokoke, wale wa msitu wetu wa Arabuko-Sokoke ambao sisi Wagiriama tunawaita kadzonzo kwa vile rangi yake imefanana na gamba la mti. Walichukuliwa vitoto huko upande wa Watamu mwaka 1978, baadae wakaletwa hapa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la paka la FIFe likamtambua rasmi kama aina kamili. Kwa hiyo kila nikimpeleka kwenye maonyesho nikaona kizimba chake kimeandikwa Sokoke, wallahi moyo unajaa.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Siku hizi Waswahili wenzetu huku Ulaya wanaanza kuja kwenye haya maonyesho na paka wao, wengine wananipigia simu, dada nibebe nini, nikae hoteli gani, na wote wanaanzia kwenye begi. Mimi nawaambia begi ni kazi ya jioni moja, kinachokurudisha mlangoni ni karatasi.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Nilijiandikisha maonyesho ya Malmö, Uswidi, ni ng'ambo tu, unavuka daraja la Øresund kwa treni kama dakika 40 umefika, ada nimelipa wiki nyingi kabla, paka nimemwogesha siku tatu nyuma, nafika mlangoni daktari wa mifugo anafungua pasi ya paka, kile kijitabu chake cha safari na chanjo, anaangalia chanjo ya kichaa cha mbwa anatikisa kichwa. Ile chanjo ya zamani ilikuwa imeisha muda siku nne kabla sijamchoma mpya. Siku nne tu! Kwa sheria za Ulaya ukichelewa hata siku moja inahesabiwa kama chanjo ya kwanza, inabidi usubiri siku 21 ndo avuke mpaka, na mimi nilikuwa siku ya 18. Nikageuza na paka wangu, nililia kwenye treni sitaki kuficha.

Kwa hiyo fungua pasi leo. Tarehe ya kichaa cha mbwa, tarehe ya zile chanjo nyingine za paka, na namba ya chipu, ile iliyo chini ya ngozi yake, tarakimu 15 uhakikishe inasomeka na inalingana na iliyoandikwa, maana ndo wanayoiskani. Ukiingia Uswidi na paka lazima pia uwaarifu watu wa forodha. Kama nyumbani kuna paka mwingine anapiga chafya usiende, hata kama wako mzima, utaambukiza ukumbi mzima. Na wale wanaoniuliza habari ya kumleta paka kutoka Kenya, jamani hiyo si safari ya wiki mbili: anachomwa, unasubiri angalau siku 30 anatolewa damu ipimwe kinga, majibu yakiwa mazuri unahesabu miezi mitatu tangu siku ile ya damu ndo anaingia. Ukitaka maonyesho ya Oktoba anza Mei, sio Agosti.

Ndege nazo kabini wanachukua wanyama wachache tu kwa safari moja, mashirika mengi mwisho ni kilo 8 paka pamoja na kikapu chake, sasa usikate tiketi yako kwanza, piga simu uulize nafasi ya paka halafu ndo ukate yako.

Haya, begi. Kizimba wanakupa wao lakini mapazia ni yako, ya pembeni, ya nyuma na ya kutandika chini, vipimo vinakuwa kwenye barua wanayokutumia, uisome hiyo barua! Beba vibanio vya nguo vingi. Trei ya mchanga, bakuli mbili, na mchanga ule ule anaoutumia nyumbani, usinunue mwingine njiani kwa sababu umeona bei nzuri, paka akiona mchanga mgeni anajizuia kutwa nzima na hiyo ni hatari kwa kibofu. Mimi nabeba hata maji ya nyumbani kwenye chupa. Kucha kata zote, za mbele na za nyuma, ila zile ncha tu.

Kitu ninachokijali kuliko vyote ni blanketi. Huyu kadzonzo ni paka wa pwani, manyoya yake mafupi yamelala kwenye ngozi, yale ya ndani ya kutunza joto hana karibu kabisa, na maonyesho mengi yako miezi ya baridi. Nabeba blanketi mbili, moja safi ya kizimbani na moja ambayo SIJAFUA, ina harufu ya kwetu, hiyo inakaa kwenye kikapu. Kikapu chenyewe kiwe wazi sebuleni wiki kadhaa kabla ya safari alale humo mwenyewe, ukikitoa stoo asubuhi ya safari utamfukuza chini ya kitanda mpaka treni ikuache. Chakula nampa mara ya mwisho masaa matatu au manne hivi kabla ya kuondoka, asitapike. Hotelini weka ile alama ya msisumbue mlangoni, wa usafi akifungua tu paka yuko koridoni.

Wewe mwenyewe beba kiti cha kukunja, chai na subira, maana utakaa humo mpaka jioni hata kama jaji amemaliza na wako saa nne asubuhi, hawaruhusu kuondoka mapema.

Mhariri, ombi langu ni kwamba mumpe daktari wa mifugo nafasi aandike juu ya chanjo za paka kwa Kiswahili, watu wetu wanasoma karatasi za Kidenishi na Kijerumani wanabahatisha. Mimi paka wangu chanjo yake inaisha Machi, miadi nimeshaweka Februari tarehe mbili.

Msomaji wenu,
Mtoto wa Kilifi, Copenhagen