Intel au AMD: Prosesa Ipi Itakufaa kwa Miaka Ijayo?

Wateja wanaotaka kuunganishiwa kompyuta ya mezani hutuuliza kama wachague prosesa ya Intel au ya AMD, kisha huongeza swali la pili: ipi haitapitwa na wakati upesi? Swali hilo la pili ndilo lenye uzito, nalo halijibiki kwa kusoma idadi ya gigahezi (mabilioni ya mapigo ya saa ya ndani ya prosesa kwa sekunde) iliyochapishwa kwenye kasha.

Zamani gigahezi zilikuwa kipimo cha kutegemewa, kwa sababu kila zilipopanda, kazi ilikwenda mbio zaidi. Mwaka 2004 Intel iliachana na mpango wa kutoa prosesa yake ya Pentium 4 ya gigahezi 4, na mbio za namna hiyo zikafifia kwa kuwa joto na umeme vilikuwa vimeanza kuzidi faida. Tangu wakati huo watengenezaji wameongeza viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba, wamekiwezesha kila kiini kukamilisha kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa, na wamepanua kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Prosesa ya AMD iitwayo Ryzen 7 5800X3D, ya mwaka 2022, inalionyesha jambo hili vizuri: kasi yake ya juu ni ndogo kuliko ya 5800X ya kawaida, lakini kache yake ya ngazi ya tatu ni megabaiti 96 badala ya 32, na katika michezo mingi ya kompyuta inamwacha nyuma ndugu yake huyo mwenye gigahezi nyingi.

Kampuni hizi mbili zinapanga viini kwa namna tofauti. Tangu mwishoni mwa 2021 Intel imekuwa ikichanganya viini vikubwa vya nguvu na vidogo vya kubana umeme, hivyo prosesa yake ya Core i9-14900K inapotajwa kuwa na viini 24, ni 8 tu vilivyo vikubwa. Ryzen 9 9950X ya AMD ina viini 16, vyote vya aina moja. Kwa anayehariri video au kutayarisha programu kubwa, zote mbili zina uwezo wa kutosha, na sisi hatuoni sababu ya mtu kukosa usingizi kwa tofauti iliyopo kati yao.

Tunapopima umri wa kompyuta, jicho letu huenda kwanza kwenye soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye ubao mama, ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta. Soketi ya AMD iitwayo AM4 ilipokea Ryzen za kwanza mwaka 2017 na ikaendelea hadi mfululizo wa 5000, kwa hiyo watu wengi walibadilisha prosesa peke yake baada ya kusasisha BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), wakabaki na ubao na RAM (kumbukumbu ya kazi) zao zilezile. AM5 ilifuata mwaka 2022, na AMD imeahidi kuihudumia angalau hadi 2027. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA1700 ilitumika kwa vizazi vya 12, 13 na 14 vya prosesa za Core, kisha prosesa za Core Ultra 200S zikaja Oktoba 2024 na soketi mpya ya LGA1851, ambayo inamlazimu mtumiaji kununua ubao mwingine. Kwa sababu hiyo, anayekusudia kuboresha kompyuta yake kidogo kidogo tunamwelekeza AM5 bila kusita. Asiye na nia ya kuifungua tena hana haja ya kulipia faida hiyo.

Anayenunua Intel ya kizazi cha 13 au 14 iliyokwishatumika anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Baadhi ya prosesa za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikipokea volti za juu kupita kiasi, zikachakaa na kuanza kuzimisha programu. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini marekebisho hayo huzuia madhara mapya tu, wala hayawezi kuiponya prosesa iliyokwisha kudhurika.

Kwenye kompyuta mpakato hesabu hubadilika kabisa, kwa maana prosesa imelehemewa na haitabadilishwa kamwe. Hapo jina linaweza kupotosha: Ryzen 5 7520U ina namba ya mfululizo wa 7000, ilhali viini vyake ni vya muundo wa Zen 2, uliotoka mwaka 2019. Tunaomba kila mteja atutumie jina kamili la prosesa, pamoja na herufi ya mwisho, kabla hajalipa popote, kwa kuwa herufi U huashiria matumizi madogo ya umeme na H huashiria nguvu zaidi na joto zaidi. Atutajie pia kiasi cha RAM na kama nayo imelehemewa, kwani mpakato wenye gigabaiti 8 zisizoongezeka utaanza kulemewa muda mrefu kabla prosesa yake haijachoka.