Mdogo wangu, Mr. Bean naye ana kigugumizi

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu nyumbani haya mambo mtu akiyagusa tu wanabadilisha mada, na pia najua kuna wenzako wengi yanawakuta kama yaliyokukuta wewe. Mama kaniambia umeacha kwenda mazoezi ya kikundi chenu cha maigizo, eti kuna mwalimu kakwambia mbele za wenzako kwamba mtu mwenye kigugumizi hana chake jukwaani. Imeniuma sana. Naomba unisikilize kuhusu mtu mmoja ambaye umemcheka tangu hujaanza shule.

Mr. Bean unamjua. Mwenyewe anaitwa Rowan Atkinson, kazaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mkulima. Watu wengi wanamchukulia poa tu, kwamba ni mtu wa kukunja sura basi, hawajui kwamba yule ni injinia, kasoma uhandisi wa umeme Newcastle halafu akaenda Oxford kuchukua shahada ya pili, na hawajui kwamba ana kigugumizi tangu utotoni. Sisemi alikuwa nacho akapona. Anacho, kinakuja kinaondoka, na ameshaeleza mwenyewe kwenye mahojiano kwamba akishaingia kwenye mhusika, akawa mtu mwingine asiye yeye, mara nyingi kinapotea. Sasa si ndo kile ulichoniambia wewe mwenyewe baada ya lile igizo la mzee wa baraza? Ulisema maneno yalikuwa yanatoka yenyewe mpaka ukashangaa, ila ulipoteremka tu kuja kusalimia watu yakakwama tena.

Na pale yanapokwama bado jamaa alitafuta njia. Herufi B ilikuwa inamsumbua, basi akawa anaibana mdomoni na kuitoa kwa nguvu kuliko kawaida, na huo mkazo ukageuka kichekesho chenyewe. Kwenye Blackadder, tamthilia yake ya vichekesho ya TV huko Uingereza, kuna msichana amejifanya mvulana akajiita Bob, yaani Atkinson akilitamka hilo jina tu, Bob, silabi moja, watu hawana mbavu. Mimi nimelirudia hilo mara nyingi kwa sababu pale ndo naona akili yake, hakusubiri kasoro iondoke ndo aanze kazi, aliichukua kama ilivyo akaifanyia kazi.

Pale Oxford alikutana na Richard Curtis, ambaye baadaye waliandika naye mambo mengi. Kwenye vikao vya wanafunzi vya kutafuta vichekesho Atkinson alikuwa anakaa kimya, hachangii kitu, wenzake wanaongea weee, mpaka siku aliposimama akaigiza ndo wakajua wamekaa na nani. Haikupita miaka mingi, mwaka 1979 akawa kwenye TV na kipindi cha vichekesho cha Not the Nine O'Clock News, na mwaka 1981 akachukua BAFTA, tuzo kubwa ya filamu na TV ya Uingereza. Na kile kilikuwa kipindi cha maneno mdogo wangu, maneno mengi ya haraka haraka. Ndo maana nikisikia mtu anasema Atkinson alikimbilia Mr. Bean kwa sababu hawezi kuongea naona hajamfuatilia. Blackadder, ilianza 1983 ikaisha 1989, yule mhusika silaha yake ni ulimi tu. Tena msimu wa kwanza haukupokelewa vizuri na ulikula hela nyingi, BBC nusura waifute, wakapunguza gharama, wakaingiza mwandishi mwingine, Ben Elton, na msimu wa pili wa 1986 ndo ukawa ule ambao Waingereza mpaka leo wanaunukuu.

Haya, Mr. Bean. Kabla hajafika kwenye TV, mwaka 1987 alimpeleka Montreal, Kanada, kwenye tamasha la vichekesho, na akaomba apangwe upande wa wanaoongea Kifaransa ili aone kama watu wasio wa lugha yake watacheka. Walicheka. Kipindi cha kwanza kikarushwa tarehe 1 Januari 1990. Vyote vilivyoigizwa ni 15 tu hadi 1995, vichache hivyo, na vimezunguka dunia nzima mpaka huku kwetu unavikuta kwenye basi la mkoani, bibi anacheka na mjukuu anacheka, hakuna wa kumtafsiria mwenzake.

Angalia tena ile sini ya mtihani. Amesoma trigonometria, anafungua bahasha anakuta karatasi ya kijani ya hesabu nyingine kabisa, halafu zile mbinu zote za kuchungulia kwa jirani, macho, shingo, anavyopuliza ile karatasi ya jirani igeuke, na mwisho msimamizi anatangaza kuna karatasi nyeupe pia ya trigonometria, kumbe ilikuwa mle mle kwenye bahasha. Izime sauti uangalie uso peke yake. Anasubiri, anaacha wazo lifike kwanza, halafu ndo mwili unafuata. Hakuna kitu cha kubahatisha pale. Mwaka 2021 alisema kumcheza Mr. Bean hakumpi raha, ni mzigo na kunachosha, na nikitazama kazi iliyomo namuamini kabisa.

Mwaka 2012 kwenye ufunguzi wa Olimpiki London wangeweza kumpa mtu yeyote ile nafasi. Wakampa yeye, kakaa katikati ya London Symphony Orchestra, Simon Rattle anaongoza, na kazi yake ni kubonyeza noti moja ile ile kwenye kinanda. Anachoka, anatoa simu, anapiga chafya, kidole kinaendelea. Hakutamka neno na uwanja mzima ulikuwa wake.

Kuna kisa kingine hakihusiani na kigugumizi ila siwezi kukiacha kwa sababu kimetokea hapa jirani. Machi 2001 alikuwa likizo Kenya na familia, wakakodi ndege ndogo kutoka Ukunda, pwani, kwenda Nairobi, rubani akazimia angani. Atkinson hajawahi kurusha ndege. Akashika usukani wakati wanahangaika kumzindua rubani, rubani akazinduka, wakatua salama uwanja wa Wilson, Nairobi.

Sasa sikiliza. Yule mwalimu ana haki ya kusema hakupangii nafasi kwenye igizo lake, ila kuhusu nani anaweza na nani hawezi amekudanganya, na mfano niliokupa uko wazi kwa mtu yeyote. Rudi mazoezini wiki hii, na kama pale hapakaliki tutatafuta kikundi kingine, vipo. Lile wazo lako la chuo cha sanaa Bagamoyo usilifute, niandikie unachohitaji kwa ajili ya fomu na nauli. Na ile klipu ya mzee wa baraza nitumie nzima, siyo ile uliyokata pale mwanzoni ulipokwama, nataka kuona ulivyotoka pale. Kwa mama nitaongea mimi.

Dada yako