Mashabiki wa Ingwe, tuache kuzomea chipukizi

Mhariri,

Mjadala kuhusu kikosi cha klabu ya soka ya AFC Leopards, yaani Ingwe, umepamba moto hapa Kakamega, na timu ikipoteza, lawama zote humwangukia beki chipukizi. Hiyo si haki. Kijana aliyemaliza shule juzi huwezi kumpanga leo kulia, kesho kushoto, kisha umtake acheze kama mkongwe. Ugani Bukhungu nimeshuhudia mmoja akizomewa kabla hajagusa mpira. Kutoka hapo akawa anaubutua nje tu kwa woga.

Naam, Ingwe ilitwaa Kombe la CECAFA la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, na kiu yetu ni kubwa. Lakini badala ya kuzomea, matawi ya mashabiki yaombe vikao vya mara kwa mara na benchi la ufundi, na masuala ya upangaji wa kikosi yaulizwe huko.

Shabiki wa Ingwe,
Kakamega