Barua ya wazi kwa wahandisi vijana wa Kisumu: anzeni na sharti la mwisho

Wanangu,

Jumamosi iliyopita mlikuja saba hapa kwangu Mamboleo na mafaili yenu, tukakaa barazani hadi mbu wakatuingiza ndani. Mliniuliza mengi kuhusu uzamili wa uhandisi wa umeme: alama ngapi zinatosha, barua ziwe ngapi, mtihani wa Kiingereza unagharimu nini, karo italipwaje. Yote yalikuwa maswali ya kuingia. Mlipoondoka nilikumbuka kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtu anamalizaje, na usingizi ukanipaa. Ndiyo maana naandika, na naandika wazi ili barua iwafikie pia wenzenu wa Kakamega, Njoro na Eldoret.

Niwape yangu kwanza. Mwaka 1993 nilikubaliwa kusomea uzamili. Nilikuwa na daraja la pili la juu, barua nzuri, na mkubwa wa kazi aliyeniruhusu kutoka mapema kwenda darasani. Masomo niliyamaliza bila taabu, ikabaki tasnifu. Kwa miezi kumi na minne nilikusanya vipimo vya laini moja ya kilovolti 33, saa baada ya saa, kwa mkono, katika madaftari ya jalada gumu. Kila ukurasa una safu nne: tarehe, saa, volti, mkondo. Madaftari kumi na moja. Siku ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, mwalimu mmoja mzee alichukua daftari la juu, akapitisha kidole kwenye safu ya volti taratibu mpaka chini ya ukurasa, akalifunga, akaniuliza, "Mama, swali lako ni lipi?"

Sikuwa na swali. Nilikuwa na vipimo.

Mwaka uliofuata msimamizi wangu alihamia ng'ambo, idara haikunipatia mwingine, na muda wa usajili ukaniishia. Niliporudi kusoma mwaka 2006, katika chuo kingine, nilianza upya kabisa, kwa kuwa masomo niliyofaulu hapo awali yalishapitwa na muda. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na karo zetu sote watatu zilitoka mfuko mmoja. Sitaki mmoja wenu apitie hapo.

Basi karatasi ya masharti isomeni kutoka chini kwenda juu. Hapa Kenya uzamili wa uhandisi kwa kawaida ni miaka miwili, mwaka wa kwanza darasani na wa pili utafiti. Katika huo wa pili kuna kutetea pendekezo mbele ya jopo, kuomba leseni ya utafiti NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kukusanya data, kuandika, kupimwa kama umenakili kazi ya mwingine, kusomwa na mtahini wa nje, kisha kutetea tasnifu yenyewe. Vyuo vingi pia vinadai makala iliyochapishwa au iliyokubaliwa kwenye jarida. Makala hiyo peke yake inaweza kula nusu mwaka, kwa hiyo uliza mapema jarida la namna gani linakubalika.

Uingereza ni miezi kumi na miwili, krediti 180, yaani vipimo vya uzito wa masomo, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Ujerumani mihula minne, krediti 120 za mfumo wa Ulaya, muhula wa mwisho karibu wote ukiwa wa tasnifu. Marekani ni kama krediti 30, na idara nyingi hukupa uchague njia ya tasnifu au njia ya masomo matupu. Anayetaka kurudi kwenye usanifu wa mitambo au laini anaweza kuchukua masomo matupu bila aibu yoyote. Anayewaza uzamivu achukue tasnifu, kwa maana kamati ya uzamivu itataka kuona kama umewahi kufuata jambo moja hadi mwisho wake.

Sasa swali la utafiti, lile nililokosa mimi, linatoka wapi? Mmoja wenu alitusomea maelezo yake ya kuombea nafasi. Yalianza na jinsi alivyopenda umeme tangu utotoni, akibomoa redio ya babake. Nikamwambia aweke karatasi chini anieleze kazi yake ya wiki hiyo. Akasema alikwenda Ahero kwenye kinu cha kusagia mahindi ambacho mota yake ilikuwa imeungua na kufungwa waya upya mara tatu kwa mwaka mmoja. Mwenye kinu alikuwa akimlaumu fundi. Kijana akasubiri hadi saa moja jioni, akapima kati ya waya na waya: volti 352, 349, 361. Mahali panapotakiwa 415.

Mnaona alichoshika? Wastani wa hizo tatu ni volti 354, pungufu kwa karibu asilimia 15. Mota ya induksheni iliyobeba mzigo uleule haijui kupunguza kazi. Volti ikishuka yenyewe inavuta mkondo zaidi, hapo kama asilimia 17 zaidi. Na joto la nyaya linafuata mkondo mara mkondo, kwa hiyo linapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Ndani ya mota ile plastiki ya waya inaiva kila jioni kidogo kidogo mpaka siku inapokatika. Fundi hakuwa na kosa. Na hapo maswali yanakuja yenyewe: volti inashukia wapi, kwenye laini ndefu au kwenye transfoma iliyozidiwa? Kapasita, vile vifaa vya kuinua volti, zikiwekwa katikati ya laini, ziwekwe wapi na za ukubwa gani? Mwenye nyumba aliye na sola juu ya paa anasaidia jioni ile, au anasaidia mchana tu wakati hakuna shida?

Hiyo ni tasnifu. Babake na redio hawakuhitajika.

Eneo letu hili lina maswali tele kwa sababu umeme mwingi tunaotumia unatoka mbali. Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umezalisha stima tangu 1981, iko upande wa Naivasha. Upepo wa Turkana una megawati 310 lakini unashushwa Suswa. Kituo kikubwa cha karibu yetu ni Sondu Miriu, megawati 60, na kile kinategemea maji ya mto, kwa hiyo kiangazi kikikaza kinanyong'onyea. Kuna viwanda vya miwa vyenye mabaki ya kuchoma. Kuna bodaboda za betri zinazoanza kuchajiwa mjini. Kuna visiwa vinavyohitaji barafu ya samaki. Na usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipoingia gizani karibu yote kwa pamoja, ninyi wenyewe mlishinda simuni mkijadili mtandao unarudishwaje hatua kwa hatua. Mbona hakuna aliyeandika hilo kwenye fomu yake?

Mkishapata swali, tafuteni msimamizi kabla ya kutafuta chuo. Jina la chuo halitakaa nawe saa mbili ukihangaika na modeli ya kompyuta isiyokubali kutulia. Soma makala mbili tatu za mwalimu huyo, mwandikie barua fupi, mweleze swali lako kwa sentensi tano, muulize kama anapokea wanafunzi mwaka huo. Muulize pia ana wanafunzi wangapi wa uzamili sasa, na wangapi wamemaliza. Hilo la mwisho vijana huliona kama utovu wa heshima, lakini uliza kwa adabu, "Mwalimu, wanafunzi wako kwa kawaida huchukua muda gani?" Mwalimu mzuri atakujibu. Na kama data unayohitaji iko kwa kampuni, iombe kwa barua kabla hujasajiliwa, maana ruhusa hiyo inaweza kukaa mezani kwa mtu miezi mingi huku muhula unakwenda.

Nirudi kwenye mlango, kwa kuwa najua bado mnauwaza.

Alama. Vyuo vyetu vingi vinataka daraja la pili la juu, yaani wastani wa 60 kwenda juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka miwili. Kwa hiyo wewe uliyenificha transkripti yako kwa sababu ya wastani wa 57, kazi yako ya miaka mitatu kwenye sola ni sehemu ya sifa zako. Iandike kwa vipimo: mifumo mingapi, kilowati ngapi, wapi. Marekani wengi wanataka wastani wao wa alama, GPA, wa 3.0 kwa 4.0. Usijigeuzie alama zako mwenyewe; peleka kama zilivyo pamoja na maelezo ya madaraja ya chuo chako, kwa maana mtu wa huko akiona 68 bila maelezo atadhani ulikuwa mwanafunzi hafifu, wakati hapa 70 ndiyo daraja la kwanza. Ujerumani vyuo vingi vinaangalia pia umesoma hisabati na nadharia ya umeme kiasi gani, somo kwa somo, kwa hiyo tunzeni maelezo ya kila kozi mliyofanya.

Mitihani sitaisemea sana. IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, vyuo vingi vinataka 6.5, na matokeo yanadumu miaka miwili, kwa hiyo msiufanye mapema mno. GRE, mtihani wa kuingilia uzamili Marekani, idara nyingi zimeiondoa. Soma ukurasa wa idara yako kabla ya kutoa pesa.

Barua za mapendekezo ziandikwe na mtu aliyekuona ukifanya kazi. Barua ya mheshimiwa haina uzito hapa hata ikiwa na mihuri mitatu. Mhadhiri aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa tano, au mhandisi aliyekupa kazi ngumu ukaikamilisha, huyo ndiye. Mpe mwezi mzima na umkumbushe kwa maandishi ulichofanya, kwa kuwa amefundisha mamia.

Na hisabati. Aljebra ya matriki na uwezekano, fufueni hizo mbili sasa hivi. Darasa la uzamili linaanza na mtiririko wa mzigo kwenye mtandao au uchujaji wa ishara, na mwalimu hatarudi nyuma kukukumbusha matriki inageuzwaje. Saa moja kila jioni kwa miezi mitatu, kwa kalamu, kisha kwa Python, lugha ya kompyuta ambayo ni ya bure.

Ufadhili wa Chevening, wa serikali ya Uingereza, unataka miaka miwili ya kazi na unakutaka urudi nyumbani angalau miaka miwili. Hilo la kurudi liweke moyoni kabla ya kutia sahihi. Kozi nyingi za DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, za nchi zetu zinataka miaka miwili ya kazi pia, na shahada ya mwisho isiyozidi miaka sita. Wale wenu mliomaliza miaka minne au mitano iliyopita, saa inakwenda.

Kuna mmoja aliyesema anataka uzamili ili apandishwe cheo. Mwanangu, kwako nasema tofauti. Kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK, kama mhandisi mtaalamu hakuhitaji uzamili. Miongoni mwa mengine, kunahitaji shahada ya kwanza ya uhandisi inayotambuliwa na miaka isiyopungua mitatu ya kazi baada yake. Anza na hilo. Na ninyi wawili mliosoma fizikia na teknolojia mkidhani uzamili wa umeme utawapa usajili, andikieni Bodi barua muulize kabla ya kulipa shilingi moja. Jibu lao la maandishi litawafaa kuliko maneno yangu au ya mtu yeyote anayewauzia kozi.

Jumamosi hii njooni tena, saa nne asubuhi. Msije na mafaili. Kila mmoja aje na karatasi moja yenye swali moja, limeandikwa kwa mkono, na chini yake jina la mwalimu mmoja aliyewahi kuandika kuhusu jambo hilo. Wewe wa Ahero njoo na mita yako pia. Nimeshusha madaftari yangu kumi na moja kutoka juu ya kabati. Mchwa wamekula mawili, tisa yanasomeka. Safu ya volti ipo, saa kwa saa, miezi kumi na minne, laini ileile inayoelekea upande wa kinu chako. Nataka tuziweke namba zako kando ya zangu tuone.

Mama yenu,
Mamboleo, Kisumu