Kikao cha Jumamosi: "give up" na tafsiri zake kwa Kirusi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Kikao chetu kimesogezwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi hii, saa nne kamili asubuhi, na tutakutana kwenye lango la Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuingia pamoja.

Tutashughulikia kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, "give up", kwa kuwa Kirusi hakina neno moja linalobeba maana zake zote: kusalimu amri ni сдаться, kuacha sigara ni бросить курить, na kumpisha mzee kiti ndani ya daladala ni уступить место. Hiyo ya tatu ndiyo nitakayoitilia mkazo, maana ni rahisi kuisahau.

1. Kila mmoja aandike sentensi tatu za Kiingereza, moja kwa kila maana, pamoja na tafsiri zake, na aonyeshe pia jozi ya kila kitenzi, kama vile сдаваться kwa tendo linaloendelea au kujirudia na сдаться kwa tendo lililokamilika. (Jozi hizi zitatutoa jasho, lakini hazikwepeki.)

2. Mchango wa kurudufu karatasi ni shilingi 2,000, na utumwe kwa mweka hazina wetu.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku. Asiyeweza kufika naye aseme, ili tujue idadi ya nakala za kurudufu.

Ahsanteni sana.
Mratibu