Msijifiche: barua kwa wanangu mnaoanza mwaka wa kwanza chuoni

Marahaba, wanangu.

Mmefika chuoni na begi, godoro na matumaini ya ukoo mzima. Matokeo yenu ya kidato cha sita yalitangazwa kanisani na msikitini, shangazi akapiga vigelegele. Sasa umekaa kwenye ukumbi wenye mamia ya watu, na karibu kila aliyekuzunguka naye alipigiwa vigelegele kwao. Nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu, na nimewaona wanafunzi wangu wazuri wakirudi nyumbani kabla mwaka haujaisha. Akili walikuwa nazo. Walipokwama walijificha, na walipotafutwa muda ulikuwa umepita. Hilo ndilo linalonifanya niwaandikie.

Kujificha huanzia kwenye lugha. Sekondari tuliwafundisha kwa Kiingereza, lakini somo lilipogoma wengi wetu tuligeukia Kiswahili, mkaelewa, tukaendelea. Mhadhiri huenda asigeuke. Atazungumza saa zima au mawili, atafunga kompyuta yake na kuondoka. Wewe uliyeachwa njiani utaona wenzako wanaitikia kwa vichwa na utadhani umeachwa peke yako. Nakuhakikishia mko wengi. Kaa mbele. Andika hata lile usiloelewa, kisha jioni litafutieni maana mkiwa watu watatu au wanne. Wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana vimbweta vyao, zile meza za zege chini ya miti, na kila chuo kina mahali pake. Jadilini kwa Kiswahili mpaka jambo likae kichwani, halafu kila mmoja aliandike kwa Kiingereza kwa maneno yake mwenyewe. Hatua hii ya pili msiiruke, maana kwenye mtihani mtaandika kwa Kiingereza na mwenzako hatakuwepo. Madesa, yaani notisi na mitihani ya zamani ya waliotangulia, yasomeni, yanaonyesha maswali huulizwaje, ila aliyeyakariri tu atakwama swali likigeuzwa kidogo.

Kisha kuna jaribio la kwanza. Hapa nawaomba mnisikilize kwa makini. Vyuo vyetu vingi hutoa alama 40 kwa kazi za semista, yaani majaribio na kazi za kuandika, na 60 kwa mtihani wa mwisho. Chukua chuo ambako kufaulu ni kuanzia 40. Aliyekusanya 26 kwenye kazi za semista anahitaji 14 tu kati ya 60. Aliyekusanya 10 anahitaji 30, yaani nusu nzima ya mtihani, na huo ni ufaulu wa chini kabisa. Jaribio la kwanza likikuendea vibaya, semista bado ina wiki nyingi mbele. Chukua karatasi yako, nenda kwa mhadhiri au msaidizi wake, uliza ulipokosea. Wanangu wengi huona aibu, wanaikunja ile karatasi na kuitia chini ya godoro, na jaribio la pili linawakuta palepale. Na msidanganywe kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu. GPA ya shahada, yaani wastani wa alama zako, hujumlisha tangu semista ya kwanza, na anayetaka daraja la pili la juu, 3.5 kwenda mbele, hawezi kuanza kuitafuta mwaka wa tatu.

Kuhusu boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, nitasema machache. Mwaka 2022 Serikali ilipandisha fedha ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, lakini haiji kwa siku, inakuja kwa mkupuo. Ukiingiziwa ya siku 60 unaona laki sita kwenye simu, na kwa wengi wenu ni fedha ambayo hamjawahi kuishika. Lipia malazi kwanza, nunua mchele, maharage na mafuta, kisha iliyobaki igawe kwa wiki. Ni mkopo, utakatwa kwenye mshahara. Ikikuishia, au ukikosa mkopo kabisa, mwambie mtu. Kuna mabinti ambao njaa ya wiki moja iliwaingiza mikononi mwa wanaume wasiowatakia mema, na kuna vijana walioshinda ndani wakinywa maji tu huku mwenzao wa chumba cha pili ana sufuria ya ugali. Sipendi kabisa kusikia habari hizi.

Ukiugua, ukifiwa, au usingizi ukikukimbia na moyo ukawa mzito siku nyingi, nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Ipo kwa ajili hiyo, wala hawatakushangaa. Kama huwezi kuendelea kwa sasa, omba kwa barua kuahirisha masomo na uambatanishe cheti cha daktari. Anayefungasha begi usiku na kukosa mtihani bila taarifa anaweza kufutiwa masomo, na mwenzake mwenye tatizo lilelile aliyeandika barua akapokewa mwaka unaofuata. Mimba nayo ina utaratibu wake. Binti yangu, usiache chuo kwa sababu ya kuogopa kuingia ofisini.

La mwisho ni nyumbani. Najua kwa nini mnawaambia "huku salama tu" wakati si salama. Baba aliuza ng'ombe, mama alikopa kwenye kikundi, na hamtaki kuwavunja moyo. Lakini mzazi anayesikia habari ya kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, kutoka kwa jirani huumia mara mbili. Ukipata sapu, yaani ukifeli somo na kutakiwa kurudia mtihani, piga simu siku hiyohiyo. Eleza ni somo gani, mtihani wa marudio ni lini, na utabaki wapi ukisoma. Kama huwezi kumwambia baba, mwambie mama mdogo, au mwalimu wako wa zamani. Wengi wetu tupo, na simu zetu tunapokea.

Mwalimu wenu mstaafu,
Morogoro